Skrubu ya Ndani

Fundi wetu wa baiskeli hakuwa akipanda baiskeli. Waliohamia mtaani wakiambiwa hivyo walidhani ni masihara ya barazani, mpaka wamwone wenyewe akipita Kiponda na baiskeli ya mteja, anaikokota polepole, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kiti, kanzu ameipandisha isiguse mnyororo. Ukimwuliza kwa nini asipande akafika upesi, alijibu kwa sauti ya chini, "Nazijua sana hizi."

Mimi ni mwoga, na bora niseme mapema ili msomaji asitafute ushujaa humu. Naogopa mbwa, naogopa ngazi za nyumba kongwe, naogopa simu ikilia alfajiri. Siku niliponunua baiskeli ya gia kutoka mitumba ya Japani, niende nayo Mwanakwerekwe ninakosomesha, mume wangu aliniuliza kama nina homa. Pengine ndiyo sababu nilimzoea Fundi miaka yote hii. Niligundua mapema kuwa yule mzee naye ni mwoga, tena kunishinda, ila yeye woga wake ulishika bisibisi.

Alifanya kazi kwenye ukumbi mdogo chini ya ngazi za nyumba ya zamani. Boriti ya mlangoni ilikuwa na kamba mbili, na baiskeli aliitundika hapo, magurudumu yakiwa hewani, yeye akakaa kwenye kigoda nyuma yake. Wenzake wengi waliipindua baiskeli ikasimama kwa kiti. Yeye hakutaka. Alisema mtu hapandi baiskeli akiwa kichwa chini, basi kwa nini aitazame hivyo.

Pancha aliziba na breki alifunga, lakini kazi iliyompa jina ilikuwa gia za nyuma. Kile kidude kinachoning'inia karibu na gurudumu, chenye vigurudumu viwili vidogo, kinachousukuma mnyororo kutoka duara moja la meno kwenda jingine, yeye alikiita mkono. Mkono una skrubu mbili ndogo unazoweza kuzifunika kwa punje ya mchele. Ya nje inauzuia mnyororo usianguke upande wa mguu wako. Ya ndani inauzuia mkono wenyewe usiingie kwenye spoki za gurudumu.

"Ya nje ukiikosea inachafua nguo," alikuwa akisema. "Ya ndani inamtaka mtu."

Kabla ya kufunga mkono mpya alikaa nyuma ya baiskeli, akafumba jicho moja, akakitazama kile kipande cha fremu mkono unapofungwa, anachokiita sikio. Baiskeli za mitumba huja zimelazwa moja juu ya nyingine, na nyingi hulazwa upande wa kulia, upande wenye gia. Sikio linapinda kidogo tu, huoni, na kila utakachofunga juu yake kitapinda vilevile. Kwa hiyo alikuwa na sheria mtaani kwetu: baiskeli hailali upande wa kulia. Hata watoto walijua. Mtu mzima akiitupa yake vibaya mbele ya duka, Fundi aliinuka akaenda akaigeuza mwenyewe, na maneno aliyomwachia yalimtosha wiki nzima.

Sheria ya pili ilikuwa kwamba gia haifungwi baada ya alasiri. Uje na machozi, uje na barua ya daktari, atakwambia kesho. Ya tatu ilikuwa ya siku tatu. Waya mpya hujivuta ukitumika, na ukijivuta gia inapoteza mahali pake, kwa hiyo kila aliyefungiwa alitakiwa arudi siku ya tatu. Jina lako aliliandika kwa chaki ukutani. Ukirudi akalifuta.

Mwaka wa kwanza sikurudi. Gia zilikwenda vizuri, nikaona ya nini. Siku ya nne nipo darasani, mlinzi wa shule akaja mlangoni akaniambia nje kuna mzee ananitaka, kaja kwa miguu. Nilimfikiria mama, nikamfikiria Rukia, binti yangu, ambaye wakati ule alikuwa darasa la pili, na kutoka darasani mpaka getini nilishawazika wote wawili. Nikamkuta Fundi amesimama juani, kanzu imelowa jasho mgongoni. Katembea kutoka Kiponda mpaka Mwanakwerekwe.

"Waya unajivuta, Mwalimu," akasema. "Leo siku ya nne."

Akatoa bisibisi mfukoni, akachuchumaa pale pale, wanafunzi wanachungulia madirishani. Alipomaliza nilimwambia nitamtafutia mtu ampakie nyuma amrudishe mjini. Akanitazama kana kwamba nimemtukana. Akaondoka kwa miguu yake.

Msifikiri alikuwa mwoga wa kila kitu. Ile nyumba ilikuwa na sifa ya mashetani, na wapo watu wazima, wenye ndevu zao, waliokata kona wasipite pale baada ya magharibi. Yeye adhuhuri alilala chini ya ngazi zile zile akakoroma mpaka alasiri. Barazani wakisimulia mambo ya vinyamkera alicheka akatema mate. Lakini gurudumu likizunguka hewani, hata tupu, hata polepole, hakupita nyuma yake bila ya kulishika kwanza likasimama.

Na kile kidole chake. Akimaliza kukaza skrubu ya ndani, alikuita wewe mwenye baiskeli uzungushe pedali kwa mkono, mnyororo ukiwa kwenye duara kubwa kuliko yote. Gurudumu linaenda kasi, spoki huzioni tena. Hapo yeye anaweka kidole gumba nyuma ya mkono wa gia na kuusukuma kwa nguvu zake zote kuelekea kwenye spoki. Kama skrubu imekaa sawa, mkono haupiti. Kama haikukaa, kidole kinakwenda nao. Gumba lake la kulia halikuwa na kucha, na ncha yake ilikuwa imechongoka. Mara ya kwanza nilizungusha huku nimefumba macho.

"Fumbua, Mwalimu," akasema. "Nkikatika uone."

Nimezungusha pedali zile mara nyingi tangu hapo na sikuwahi kuzoea.

Baiskeli ikiisha, hakubaki kwenye kigoda chake. Alimfuata mteja mpaka kwenye kona, akasimama mpaka apotee. Majirani waliita ni adabu ya watu wa zamani, na wageni kutoka hotelini walimpiga picha. Mimi nilisimama naye karibu siku moja nikasikia. Alikuwa ametega sikio, midomo inakwenda, anasema, "Ya Salaam, ya Salaam, ya Salaam," mpaka sauti ya mnyororo ilipokatika.

Sababu niliijua msimu mmoja wa masika. Mvua ilinikuta kwake asubuhi, nikajibanza ukumbini. Akapita mtu mzima mwenye mwavuli, bega moja linashuka kila hatua, akatoa salamu, wakataniana yeye na Fundi kuhusu nani atatangulia kaburini. Yule mtu akaenda zake. Fundi alikuwa ameshika spana, na ile spana haikusogea mpaka hatua zilipokwisha kusikika.

"Yule shemeji yangu," akasema. "Kamwoa dada yangu. Ule mguu nimemfanya mie."

Mvua ilikuwa nyingi, hata kama ningetaka kuondoka nisingeweza.

"Enzi hizo hizi za gia ndo kwanza zinaingia. Kaja na yake, mkono umevunjika, nkamfungia mwengine. Ya nje nshaikaza. Ya ndani bado, na jua lishazama, sioni kitu. Kaniambia, shemeji, nna haraka, nnakwenda Kidichi, kuna msiba. Nkamwonea muhali. Shemeji yangu, tena msiba, ntamwambia niachie mpaka kesho? Nkamwambia haya, chukua. Sikumwambia kama sijamaliza."

Kwenye mlima wa Kidichi yule bwana alitia gia nyepesi. Mkono ukaingia kwenye spoki, gurudumu likagoma pale pale, naye akaangukia upande wa barabara. Nyuma yake lilikuwa linakuja gari la ndizi.

"Mpaka leo anajua ni shimo," Fundi akasema. "Kila Ijumaa namsikia anavoingia msikitini. Hatua nzito, hatua nyepesi. Siangalii nyuma."

"Hujamwambia?"

"Nimwambie nini, mwanangu?"

Nilikwenda nyumbani na mvua yangu. Nilimhurumia, na nilimwogopa pia, kwa sababu niliona mtu anavyoweza kubeba kitu miaka yote hiyo na bado akatania kuhusu kaburi.

Kisha ikaja sukari. Hakutuambia. Tulijua kwa kuwa aliacha kula kashata, zile alizokuwa akinunua kwa muuza kahawa kila alasiri. Akaanza kuwagawia watoto. Kazi yake ikawa ya taratibu zaidi. Watu wakasema Fundi anazidi kuwa makini. Niliwahi kumwona anatafuta tundu la waya kwa ulimi, na sikusema neno.

Siku moja nikawa nazungusha pedali, yeye anasukuma kwa gumba kama kawaida, anaongea habari za bei ya mipira. Nikaona tone jekundu kwenye ringi. Halafu jingine.

"Fundi, kidole."

"Kina nini?"

Akautazama mkono wa kushoto. Damu ilikuwa inatoka wa kulia. Nikamwonyesha, akajifuta kwa kitambaa cha grisi, akasema ni rangi. Nikasema naam, ni rangi.

Baiskeli ile ilikuwa yangu. Jumamosi yake nilikwenda Kidichi kumtembelea mwalimu mwenzangu. Kwenye mlima nikatia gia nyepesi kuliko zote, nikasikia kitu nyuma yangu: tik, tik, tik. Nikashuka bila ya kujua nimeshukaje. Baina ya mkono na spoki usingepitisha ukucha. Nikailaza baiskeli upande wa kushoto, nikakaa kando ya barabara na magari yananipita, katika jua la saa nne. Nilirudi mjini kwa miguu, njia nzima, naikokota. Nyumbani nikasema nimepata pancha. Nikaipeleka kwa fundi mwingine Mwanakwerekwe, kwa siri.

Na Fundi sikumwambia. Nilimwonea muhali. Mzee wa rika la baba yangu, mtu aliyetembea mpaka shuleni kwangu kwa ajili ya waya, nitaanzia wapi kumwambia huoni na vidole vyako vimekufa? Kila asubuhi nikapita pale, nikaona baiskeli imetundikwa, nikatoa shikamoo, nikapokea marahaba, nikaenda zangu. Kila nikisikia king'ora cha gari la wagonjwa nilijiuliza ni ipi kati ya zile. Nilikuwa silali vizuri, na bado nilinyamaza. Mtu anaweza kuwa mwoga wa gari la ndizi na akawa mwoga zaidi wa kumwaibisha mzee.

Rukia amemaliza shule sasa. Woga wangu hakuuchukua hata chembe. Alipewa baiskeli na mjomba wake, mkono wa gia umevunjika, na bila ya kuniuliza akaipeleka mwenyewe. Alhamisi iliyopita narudi kazini, namkuta ameiegemeza ukutani anaifuta vumbi.

"Fundi kaifunga, mama. Keshokutwa naenda nayo Uroa kwa bibi."

Uroa ni ng'ambo ya pili ya kisiwa. Kuna miinuko ya njia ya Dunga, na kuna magari ya abiria yanayokwenda mbio kuwahi zamu. Asubuhi ya Ijumaa nikaomba ruhusa shuleni, nikaikokota baiskeli ya mwanangu mpaka Kiponda, mwenyewe ananifuata nyuma kanuna.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mwalimu. Mbona leo si siku ya tatu?"

"Nimekuja kuitazama gia ya Rukia."

"Nimeifunga jana."

"Najua."

Mikono yake ikatulia mapajani. Alikuwa ananielekezea uso, lakini macho yalikuwa yananitafuta pembeni kidogo ya mahali nilipo.

"Fundi," nikasema, "ile yangu iligusa spoki. Mlima wa Kidichi. Sikukwambia."

"Lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

Ramadhani ilikuwa imekwisha siku nyingi. Rukia akaacha kununa.

"Hayo ndo yangu mie, Mwalimu," akasema mwisho. "Umefanya vilevile nlivofanya." Kisha, taratibu, "Sioni, mwanangu. Na vidole hivi havinambii kitu. Nasikia tu. Itundike."

Tukaitundika, mimi na Rukia. Akajongea akashika pedali. "Leo nazungusha mie," akasema. "Weye sukuma."

Sikuwahi katika maisha yangu kuweka kidole pale. Gurudumu likaanza kwenda, spoki zikapotea, upepo wake naupata usoni. Nikaweka gumba nyuma ya mkono wa gia. Nikasukuma, si kwa nguvu, kwa kiasi cha mtu anayegonga mlango wa wakubwa. Mkono ukaenda. Ukaenda tu, haukuzuiwa na chochote, na mlio ukatoka ambao niliusikia mpaka kwenye meno. Nikauvuta mkono wangu. Fundi akalisimamisha gurudumu kwa kiganja.

Niliitazama ile nafasi tupu na nikaiona njia ya Dunga yote, na mwanangu juu yake.

Akanipa bisibisi. "Ya ndani. Upande wa kulia kwako. Kaza robo, usukume."

Nikakaza robo. Nikasukuma.

"Bado unaogopa?"

"Naogopa."

"Kaza tena."

Nikakaza tena, na tena. Mara ya nne mkono ukagota, nikausukuma kwa nguvu zangu zote na haukupita. Nikakaza na ya tano, kwa usalama. Akazungusha, akaniambia niutie mnyororo kwenye duara kubwa. Ukakataa. Unapanda nusu, unakereza, unarudi.

"Hapo umeogopa mno," akasema. "Haitapanda mlima. Rudisha nusu ya robo."

Nikarudisha. Mnyororo ukapanda ukakaa, kwa sauti moja tu, tak. Akazungusha kwa muda mrefu, kichwa kimeinama, anasikiliza. Nikasukuma mara kumi. Nilihesabu. Kidole changu kilibaki.

Rukia akaishusha kwenye kamba. "Nani kaifunga sasa?" akauliza.

Nilitaraji Fundi aseme ni yeye. Nilitaka aseme ni yeye.

"Mama'ko," akasema. "Nenda mpaka Darajani urudi. Ukifika kwenye duka la kanga, tia ile nyepesi."

Rukia akapanda. Fundi akaushika ukuta akatoka, anaupapasa, mimi nikamfuata, tukafika kona.

"Nambie."

"Anafika dukani."

"Katia?"

Kabla sijajibu, tak. "Imekaa," akasema mwenyewe.

"Kapinda. Simwoni tena."

Midomo yake ikaanza. Yangu ikaanza pamoja naye, sikuambiwa. Uchochoro ulikuwa mtupu, paka mmoja tu juu ya ngazi, na kila honi iliyolia Darajani ilipita mwilini mwangu. Sijui tulisimama muda gani. Yeye ndiye aliyenyamaza kwanza. Akainua kidole kile kisicho na kucha, na baadaye kabisa ndiyo nikaisikia kengele, na baada ya kengele nikamwona mwanangu.

Tuliporudi ukumbini aliniambia nimsomee ukutani. Yalikuwa majina saba ya chaki. Nikayasoma polepole, na kila jina alilitaja baada yangu.

"Waite wote. Leo hii. Waambie wasipande, waje nazo kwa miguu, na weye uwe hapa na bisibisi. Waambie Fundi haoni."

"Nitawaambia una udhuru."

"Usinionee muhali. Sema haoni."

Adhana ya Ijumaa ilikuwa imekaribia na watu wameanza kupita, kanzu nyeupe, wanatoa salamu. Rukia alikuwa anayaandika majina kwenye simu yake. Ndipo nikazisikia nyuma yetu, kwenye mawe, hatua nzito na hatua nyepesi. Fundi naye alizisikia, kwani mkono wake uliokuwa unatafuta kofia ulisimama. Nikasubiri apitwe kama anavyopitwa kila Ijumaa.

Akageuza kichwa. Alikigeuza kusiko, upande wa ukuta, lakini alikigeuza.

"Shemeji," akaita. "Ngoja. Nnakuja nawe."